Kamera ya Baba, Betri za Bibi

Simu ya binti yetu ina macho matatu mgongoni na jingine usoni, na siku iliponunuliwa mimi na baba yake tulikula chakula cha usiku bila kusemezana. Kwa hiyo aliporudi likizo kutoka chuo, akasimama mlangoni mwa jiko na kuuliza kama ile kamera ya zamani ya Baba bado ipo, nilidhani anataka kuwapa wanunua vyuma chakavu.

"Ya kazi gani?"

"Ya harusi ya Tanga, Mama. Wenzangu wote wanazitafuta. Picha zake zina vaibu."

"Na hiyo simu yako?"

"Simu inatoa picha nzuri mno," akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Kamera ilikuwa juu ya kabati la chumbani, ndani ya mkoba wake mweusi, chini ya mashuka ya wageni. Baba Watoto aliinunua Kariakoo mwaka 2005, binti huyu akiwa bado tumboni, kwa fedha ambazo mimi nilizijua kuwa ni za kitanda cha mtoto. Mtoto akaja, akalala katikati yetu, na picha zake za utotoni zote ni za kamera hiyo. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana yatakayofuata si yote ya sifa. Inatosha kusema ni ya Kijapani, ina rangi ya fedha na megapikseli 5, na inatumia betri mbili za kawaida, zile zile za saa ya ukutani. Hilo la betri msomaji aliweke akilini.

Kifuniko cha betri kilipofunguliwa, ndani kulikuwa na unga mweupe umeganda kwenye vibati. Betri za alkali zilizosahauliwa humo tangu watoto wakiwa wadogo zilikuwa zimevuja. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na kemia mwalimu wake akiwa likizo ya uzazi, kwa hiyo nilijua dawa yake ni asidi kidogo kwenye pamba. Baba Watoto hakungoja nimalize maelezo. Limau alilolichukua lilikuwa la kachumbari ya mchana.

Kitindamimba wetu naye alishafika na bisibisi. Mtaani wanamwita Injinia, kwa sababu hakuna kitu ambacho hajawahi kukifungua, wala kitu alichokifunga bila kubakiza skrubu mkononi. Nilimwondoa kwa ukali. Ndani ya kamera ya namna hii kuna kapasita ya flashi inayochajiwa hadi volti 300 hivi, na inaweza kubaki na umeme wake hata baada ya kamera kuzimwa na betri kutolewa. Pasi aliyoifungua mwaka juzi angalau ilikuwa imechomolewa ukutani.

Usiku ule mume wangu aliyekaa mkekani alikuwa mwingine. Mtu ambaye kwa kawaida hula akiangalia mpira alizima televisheni mwenyewe.

"Mnajua kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa lini?"

Hakuna aliyeuliza, lakini tulijibiwa. Mwaka 1975, kijana mmoja wa Kodak, Marekani, jina lake Steven Sasson, aliunganisha vipande vya vifaa mbalimbali akapata dude lililopiga picha bila filamu. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, nukta mia kwa mia, na ilirekodiwa kwenye kaseti, picha moja kwa sekunde 23. Wakubwa zake hawakuona haraka ya kuipeleka sokoni. Kampuni ilikuwa inaishi kwa filamu, na mwaka 2012 ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake.

"Sekunde 23," akarudia Baba Watoto akitutazama mmoja mmoja. "Halafu kuna watu humu ndani walikuwa wakisema kamera yangu inachelewa."

"Kamera yako inachelewa," nikamwambia.

Akaendelea. Mwaka 2010 ndio uliokuwa kilele: kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilisafirishwa kutoka viwandani kwenda madukani duniani kote. Halafu simu zikazimeza, na ilipofika 2023 hazikufika hata milioni nane. Watu walizitupa droo za chini. Sasa watoto wao wanazifukua, na upepo huo uliosambazwa na TikTok na Instagram umefika mpaka kwa watengenezaji wenyewe. Mwaka 2025 Canon waliirudisha sokoni kamera yao ndogo ya mwaka 2016, ikiwa imebadilishwa mambo machache tu. Kitu cha zamani kikauzwa upya kikiwa kipya. Baba Watoto alilisema hili kwa fahari ya mtu ambaye miaka yote alikuwa akisubiri dunia irudi alipo, ilhali ukweli ni kwamba alisahau tu kuitupa.

Jini la betri lilianza kesho yake.

Duka la Mangi pale kona lina betri za redio, za zinki na kaboni, za bei nafuu. Baba Watoto alinunua mbili, akazitia, kamera ikalia kamlio kake, ikasukuma lenzi nje, ikawasha kioo, ikaandika kwamba betri zimekwisha, ikazima na lenzi ikabaki nje. Akanunua nyingine. Mambo yale yale. Betri hizo hazikuwa mbovu. Zimeumbwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kamera inataka umeme mwingi kwa mpigo: wa kusukuma lenzi, wa kioo, wa kuchaji ile kapasita. Betri ikizidiwa, volti zake huporomoka, na kamera hudhani imeishiwa. Irudishe betri hiyo hiyo kwenye saa ya ukutani, itaizungusha miezi.

Ningemweleza haya angeniuliza. Yeye aliamua kwamba betri za Mangi ni feki na za nyumbani ndizo za kweli, akaanza kuzunguka vyumba. Saa ya sebuleni ikasimama saa kumi na mbili kasorobo, Injinia akaamini kwamba bado ni saa kumi na mbili kasorobo, na gari la shule likapita. Sijamwona mtoto yule akifurahi hivyo hata siku ya Idi. Tochi ya jikoni ikafa. Mashine ya kupimia presha ilinusurika kwa sababu naificha chumbani kwangu. Kisha ikafika zamu ya redio ya Bibi.

Hapa lazima nieleze. Bibi ni mama yangu mzazi, anakaa nasi Tabata tangu macho yalipoanza kumsumbua, na Baba Watoto ni mkwewe. Kwa mila za kwetu mkwe humwinamia mama mkwe, humpisha njia, na hata kicheko chake hukipunguza akiwa karibu naye. Kumtolea redio betri ni jambo lisilo na jina.

Redio iliponyamaza Bibi aliitikisa, akaipiga kofi la mgongo, akaihamishia dirishani kutafuta mawimbi. Hakuifungua nyuma mpaka baada ya sala ya Isha. Akaja sebuleni, akakaa, akavuta kanga mabegani.

"Humu ndani mna jini linalokula betri," akasema. "Na jini hilo linavaa miwani."

Mwenye miwani katika nyumba yetu ni mmoja tu. Akaivua, akaifuta na pindo la shati kwa muda mrefu, akairudisha, na kesho yake akaenda mjini akanunua betri nne za kuchaji, za nikeli, pamoja na chaja yake. Hizo zina volti 1.2 badala ya 1.5, ndogo kwa namba, lakini haziyumbi zikidaiwa umeme wa ghafla. Kamera ikaamka, ikakaa macho. Redio ya Bibi haikurudishiwa kitu, maana zile mbili za mwanzo zilikwisha kuzungushwa kwenye saa, tochi na kamera mpaka hakuna aliyejua zipi ni zipi. Bibi hakusema neno. Aliandika deni kichwani, mahali ambapo hakuna kitu kimewahi kufutika.

Ikabaki kadi. Ile iliyokuja na kamera kwenye boksi ilikuwa ya megabaiti 32, na kwa picha za ubora wa juu inabeba kumi na kidogo tu. Nilishuka mwenyewe Kariakoo, Mtaa wa Aggrey.

"Shangazi, karibu. Nina sitini na nne, nina mia na ishirini na nane."

"Nataka mbili."

"Kadi mbili?"

"Gigabaiti mbili."

Kijana akamwita mwenzake wa duka la pili aje anisikie. Walicheka kwa adabu, nakubali. Kisha wakanihakikishia kwamba kubwa inaingia popote panapoingia ndogo, jambo ambalo si kweli. Kiwango kipya cha kadi za SD, kilichoruhusu ukubwa wa zaidi ya gigabaiti 2, kilitoka mwaka 2006, na kamera ya kabla ya hapo haikielewi. Uiwekee ya 32, itakuandikia kwamba kadi ina hitilafu. Kadi haina hitilafu yoyote. Lugha ndiyo hawaelewani.

Kadi tuliyoitafuta mji mzima ilikuwa chumbani kwa Bibi, ndani ya simu yake ya kitochi: kadi ndogo ya gigabaiti 2 iliyojaa kaswida, mawaidha na taarabu, vyote katika folda moja bila ugomvi. Ukiitia kwenye adapta inakuwa kadi ya kawaida. Injinia akahamishia nyimbo zote kwenye kompyuta ya mezani, akaapa kwamba ziko salama. Bibi akaitoa kadi kwa vidole viwili.

"Nakopesha," akasema. "Asije mtu akasema nilitoa zawadi."

Kwenye basi, kutoka stendi ya Magufuli mpaka tumeipita Chalinze, binti alinifundisha alichojifunza mtandaoni. Kwamba kamera hizi zina kihisi cha CCD, na za siku hizi zina CMOS, na CMOS haina roho. Nilimsikiliza kwa sababu safari ni ndefu. CCD naijua. Ilibuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell na Willard Boyle na George Smith, nao wakapewa Nobeli ya fizikia mwaka 2009, na sina ugomvi nao. Lakini vihisi vyote viwili ni silikoni inayogeuza mwanga kuwa chaji za umeme, na vyote viwili ni vipofu wa rangi. Rangi zinatokana na vichujio vidogo vidogo vyekundu, kijani na buluu vilivyotandazwa juu yake, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza yake mwaka 1976, kisha zinatokana na jinsi kila kiwanda kilivyoamua kuzipika hadi picha ikatoka. Kuisifu CCD kwa rangi hizo ni kumsifu mbeba sufuria kwa utamu wa biriani.

Kuna kilicho tofauti kweli, lakini si hicho. Flashi ya kamera ni ya xenon, na mwako wake unadumu karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtu anayecheza ngoma inamshika hewani, mguu juu, pete ya sikio ikiwa bado inaruka. Taa ya simu ni balbu ndogo ya LED, dhaifu, kwa hiyo simu hutumia werevu: inapiga picha kadhaa kwa mfululizo, inazilaza moja juu ya nyingine, inainua giza, inapunguza mwanga, inalainisha ngozi. Matokeo yake usiku wa simu hauna giza. Wa kamera unalo. Anayepigwa amewaka, na nyuma yake ni usiku kama usiku ulivyokuwa. Wanachokiita vaibu, kwa maoni yangu, ni hicho: giza lililoachwa mahali pake, na mashine isiyojua kurekebisha.

Nisiitie chumvi. Kutorekebisha si haki. Kamera ya zamani hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, ni kijivu cha wastani. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, itaupunguza ukuta na uso wake utazama humo humo. Simu nyingi nazo hukosea kwa upande wa pili, zinampa mtu weupe ambao hakuuomba. Nina binamu ambaye kwenye picha zake za simu ni mweupe kuliko watoto wake wote, na watoto ni wa kuwazaa.

Harusi ilikuwa ya binti wa dada yangu, Ngamiani. Usiku wa kuamkia nikaha wanawake walikuwa na shughuli yao ukumbini, na mlangoni alikaa shangazi wa bibi harusi na beseni la plastiki. Simu zote humo, kila moja na karatasi ya jina. Si ukali wa bure. Pwani yote, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Unguja, wanawake wanaojisitiri barabarani huvua mabaibui wakiwa peke yao, wakacheza watakavyo, na picha moja ikichoropoka inaweza kufika Muscat kabla sinia la pili halijaletwa.

"Na hiyo nayo, ndani ya beseni," shangazi akaniambia alipoiona kamera.

"Hii haina intaneti."

"Bluetooth?"

"Haina."

"Inapiga simu?"

"Haipigi wala haipokei, shangazi. Ni kamera."

Akaigeuza, akalitafuta tundu la laini ya simu, akamwonyesha aliye karibu naye. "Basi pita nayo," akasema. "Lakini kadi haitoki Tanga."

Hapo ndipo nilipoielewa hamu ya binti yangu, ingawa nadhani yeye alikuwa na hamu ya kitu kingine. Watu wazima, wanawake wenye wajukuu, walipanga foleni. Kati ya kubonyeza na picha kupigwa kuna kuchelewa kidogo, nikajifunza kubonyeza kabla kicheko hakijafika. Kisha flashi inahitaji muda kujichaji tena, na muda huo hakuna cha kufanya ila kusimama pale pale mlivyo, mmeshikana viuno, mkisubiri, na maneno yaliyosemwa katika kusubiri huko ni mazuri kuliko picha zenyewe. Picha siwezi kuzieleza. Nimeapishwa. Muziki ulipozimwa kadi ilitolewa mbele ya macho ya wote, ikafungwa fundo katika pindo la kanga ya dada yangu, na mpaka leo haijafunguliwa kwa mwanamume yeyote.

Hiyo ilikuwa kadi ya Bibi. Kwa hiyo kesho yake, kwenye chakula cha mchana baada ya nikaha, Baba Watoto alibaki na ile ya megabaiti 32. Angeweza kupunguza ubora akapata picha nyingi, lakini alikataa, akasema hawezi kuwaonea wazee. Akachukua karatasi, akaandika orodha ya watakaopigwa.

Nilishuhudia jambo la ajabu. Watu waliopigwa picha na simu tangu asubuhi, wakitafuna, wakifunga vilemba, wakisinzia, bila kuulizwa na bila kujali, walianza kumfuata mume wangu kwa heshima. "Shemeji, na mimi nimo?" Aliyekatwa kwenye orodha alinuna. Wazee wawili walitaka kujua kwa nini mmoja ni wa tatu na mwingine wa tano. Kofia zikanyooshwa. Baba Watoto, ambaye nyumbani hapati hata kuchagua chaneli, alikuwa anaamua nani atakumbukwa na nani hatakumbukwa.

Katikati ya kazi betri zikaisha. Akazibadilisha. Kamera ikaamka ikiuliza tarehe, kwa sababu ile betri ndogo ya ndani inayoilinda kalenda ilikufa zamani, na kila betri kubwa zikitolewa kamera hurudi kwenye mwaka ilipotengenezwa. Mjomba alikuwa amesimama juani na kanzu nyeupe, uso unamtoka jasho. Baba Watoto akabonyeza kuiruka. Tarehe baadaye, akasema. Akawasha flashi mchana kweupe ili uso wa Mjomba usizame mbele ya kanzu, jambo la kitaalamu kabisa, ninampa sifa hiyo, na akapiga.

Mjomba ni mdogo wake Bibi. Ana wake wawili. Mkubwa yuko Muheza, naye goti lilimzuia kuja harusini. Mdogo yuko Tanga mjini, mjane wa makamo aliyemwoa mwaka juzi kwa ruhusa ya mkubwa, au tuseme kwa taarifa. Picha ilitoka nzuri kuliko zote: Mjomba kasimama, mke mdogo pembeni, kamshika mkono, wote wanacheka. Jioni Injinia, kwa nia njema, akaiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Chini kulia, kwa rangi ya chungwa ambayo Baba Watoto aliiwasha kwa makusudi kwa kuwa ndiyo inayompendeza binti, palisomeka 2005/01/01.

Simu ya Bibi ililia tumeshatandika vitanda.

"Wifi, umeiona picha?"

"Nimeonyeshwa. Picha nzuri."

"Mwambie aliyekuonyesha akusomee chini."

Injinia akasoma. Bibi akamtazama Mjomba, aliyekuwa amekuja kuaga na sasa anatafuta viatu.

"Elfu mbili na tano, wifi! Mwaka ule aliniambia anashuka Tanga kununua mabati ya nyumba. Kumbe mabati yenyewe ndiyo hayo kayashika mkono!"

Mjomba alisema, "Mimi?" na hakuweza kuongeza. Baba Watoto akajitokeza, akaeleza habari ya betri ndogo ya ndani inayolinda kalenda.

"Betri tena!" akasema Bibi.

Aliyemwokoa Mjomba ni Injinia. Aliivuta picha akaonyesha nyuma ya bega la Mjomba mgeni mmoja kainua simu yenye lenzi tatu. "Mwaka 2005 hata iPhone ya kwanza ilikuwa haijatoka," akasema. "Ilitoka 2007." Upande wa pili ukajibu kwamba habari za simu yeye hazijui na wasimchanganye. Injinia akafungua maelezo ya faili.

"Bibi, mwambie hapa panasema imepigwa saa sita na dakika kumi na nne usiku. Kamera ilianza kuhesabu upya betri zilipobadilishwa. Na jua linawaka! Aangalie kivuli cha Mjomba."

Tulisubiri mkaza mjomba aangalie kivuli. Aliangalia sana.

"Sawa," akasema. "Jua nimeliona. Tarehe nimewasamehe. Sasa niambie, wifi. Huyu kaka yako aliyeona haya kunishika mkono siku ya harusi yangu mwenyewe, huo wa mwenzangu kaushikia nini, tena juani?"

Hilo hakuna faili iliyoweza kulijibu. Mjomba aliondoka alfajiri kwenda Muheza, na doti mbili za kanga.

Tuliporudi Dar es Salaam binti akapeleka picha kusafishwa, na akamwekea Bibi mbili zake mapajani: moja ya simu, nyingine ya kamera, zote za mkao mmoja. Ya kamera ilikuwa na kila kitu, mikunjo, kovu la chini ya jicho, mng'ao wa flashi kwenye paji la uso. Ya simu ilikuwa na mwanamke laini wa miaka hamsini hivi. Bibi akaichukua ya simu.

"Hii ndiyo itundikwe."

"Bibi, lakini hiyo si wewe! Imekufuta mpaka kovu."

"Kovu ninaishi nalo, halinihitaji nilitazame ukutani pia."

Binti alisikitika sana. Mimi nilicheka, na bado nadhani Bibi ana hoja: wanaotaka picha isiyorekebishwa ni wale wenye ngozi ya miaka ishirini.

Kisha akaomba nyimbo zake. Injinia akafungua kompyuta, na katika folda kulikuwa na njia za mkato tu, majina matupu yanayoelekeza kwenye kadi. Kadi iko Tanga, kwenye pindo la kanga, na Baba Watoto alikwisha kuifuta yote kabla ya harusi ili kupata nafasi. Bibi akafanya hesabu kwa vidole: betri za redio, kadi, kaswida, mawaidha, taarabu. Akanyoosha mkono. Kamera akapewa. Akaifunga ndani ya kasha lake pamoja na sanda yake na hati ya kiwanja cha Muheza, na ufunguo akautia shingoni.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa binti akaenda kupiga magoti.

"Bibi, shikamoo. Naiomba ile kamera, tuna sherehe Ijumaa."

"Marahaba. Betri nne."

"Inatumia mbili, Bibi."

"Mbili za kamera, mbili za redio."

Baba Watoto, aliyekuwa kajificha nyuma ya gazeti, akachomoa mfukoni pakiti ya betri mpya, akampitishia binti chini ya meza. Macho ya Bibi hayasomi tena maandishi madogo, lakini pakiti ile aliiona.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "hizo ni za mwezi uliopita. Za mwezi huu bado sijazipata."